Gofu la Bagamoyo lina wenyewe wengi mno

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe unayesoma magazeti, wanatuhamisha lini?"

Aliyeniuliza ni mama muuza vitumbua wa Mtaa wa India, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Alikuwa anageuza vitumbua vyake bila hata kuniangalia. Asubuhi ile vijana wawili walikuwa wamepita na mkanda wa kupimia, wakapima upana wa mlango mmoja, wakapiga picha ukuta, wakaandika kwenye daftari na kuondoka bila kumuaga mtu. Kufikia adhuhuri mtaa ulishajaa habari tatu. Ya kwanza, nyumba zote zimeuzwa kwa Wazungu. Ya pili, serikali inabomoa kupisha bandari. Ya tatu, na hii ndiyo iliyokuwa tamu, kila anayeishi humo atalipwa fidia. Baadaye ikajulikana kwamba wale vijana ni wanafunzi wa usanifu majengo waliopewa zoezi la kuchora nyumba ya zamani. Habari zile tatu hazikufa. Bado zinatembea barazani.

Siwalaumu watu. Kufufuliwa kwa Mji Mkongwe kumezungumzwa kwa miaka mingi, na kila anayekuja kulizungumzia hutumia maneno yake. Kwa hiyo tuanze na maneno.

Ukarabati ni kutengeneza kilichoharibika ili kitumike tena: bati jipya, dirisha jipya, rangi. Uhifadhi ni ukarabati wenye masharti. Unatengeneza, lakini kwa namna ambayo ukale wa nyumba haufi, chokaa ikirudi mahali pa chokaa na boriti mahali pa boriti. Ujenzi upya ni kuangusha na kuinua kingine, kama ilivyokuwa Kariakoo, ambako nyumba za Kiswahili za vyumba sita zimepisha maghorofa. Kufufua mtaa ni jambo jingine kabisa, maana hapo hatuzungumzii nyumba peke yake. Tunazungumzia watu kuishi humo, maduka kufunguliwa, maji machafu kupata pa kwenda, taa kuwaka usiku. Unaweza kukarabati nyumba kumi na mtaa ukabaki umekufa, msafi na kimya, na mlinzi mlangoni anayeuliza tiketi. Kinyume chake pia kipo. Nenda pale karibu na Nyumba ya Forodha wakati wa mnada wa samaki uone: kuta zimechakaa, lakini ule ni mtaa ulio hai kuliko mitaa mingi yenye vigae.

Kwa nini basi ulichakaa? Wengi hudhani palipiganwa vita, au kwamba watu walihama kwa uvivu. Bagamoyo ilikimbiwa na mizigo. Ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora, na pembe za ndovu na watumwa ndivyo vilivyojenga zile nyumba za mawe, tusifichane. Wajerumani wakaufanya makao yao makuu, lakini pwani yake ni ya kina kifupi. Meli ilitia nanga mbali na shehena ikaletwa ufukweni kwa mashua. Dar es Salaam ilikuwa na bandari yenye kina, na mwaka 1891 makao makuu yakahamia huko. Halafu ikaja reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mpagazi wa kutembea miezi mitatu na mzigo kichwani angeshindanaje na behewa? Cha ajabu, lile Boma ambalo wageni hulipiga picha kama alama ya enzi za makao makuu lilijengwa mwaka 1897, miaka sita baada ya makao makuu kuondoka. Tanga nako, ukitembea katikati ya mji, utaona magofu yanayofanana na haya, lakini mgonjwa wa Tanga aliumwa jingine: kuanguka kwa katani. Hapa ilikuwa njia ya biashara. Na siku hizi stendi na soko vipo juu, upande wa barabara kuu, kwa hiyo Mji Mkongwe umebaki chini kule na bahari yake.

Hiyo inaeleza kwa nini mtaa ulipoa. Haielezi kwa nini nyumba moja moja zimeanguka huku watu wakiziangalia. Hapo ndipo penye fundo.

Nani mwenye nyumba?

Mgeni akipita na kuona ukuta umeota mtini-pori, paa halipo, popo wamejaa, husema: hili halina mwenyewe. Ni kinyume chake. Gofu la Bagamoyo lina wenyewe wengi mno.

Chukua mfano, wa kubuni lakini kila mtaa unao. Mzee amefariki akaacha mke mmoja, watoto watatu wa kiume, wawili wa kike, na nyumba moja ya mawe. Kwa hesabu za mirathi ya Kiislamu, mjane anachukua thumuni. Saba ya nane inayobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Ukiikata nyumba vipande 64, mjane ana 8, kila mwana wa kiume ana 14, kila binti ana 7. Mpaka hapo hesabu inakwenda. Sasa binti mmoja anafariki akiwa ameolewa Tanga, na vipande vyake 7 vinakatwa tena kwa mumewe na watoto wake. Kaka mkubwa anafia Muscat, ameacha wake wawili. Kizazi cha tatu kikifika, mwenye fungu kubwa ana chumba na robo, na mwenye dogo ana kitu kama ngazi mbili za kupandia ghorofani. Wako Unguja, Temeke, Uarabuni. Wengine hawajapata kuiona hiyo nyumba.

Sasa bati limeng'oka. Nani atoe pesa? Akitoa wa Temeke, je, wa Muscat atamrudishia? Akiuza wa Tanga, wengine wametia saini? Nyumba ya namna hii ni jahazi lenye manahodha kumi na wanane. Kila mmoja ana haki ya kushika usukani, na hakuna hata mmoja anayejiona ana wajibu wa kuchota maji ngamani.

Sheria imeweka njia. Familia inakaa kikao, inapendekeza mtu, mahakama inamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Hapa kuna kosa linalovunja undugu kila siku: watu hudhani msimamizi ndiye amekuwa mwenye mali. La hasha. Msimamizi ni kama mpakuaji wa pilau kwenye shughuli. Ameshika upawa, sinia si lake. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kugawa, kisha kurudi mahakamani na hesabu. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Naujua ukoo uliokaa miaka kumi na tisa bila hata kumteua huyo msimamizi, kwa sababu kila aliyependekezwa alionekana na wenzake kuwa ana tumbo.

Halafu kuna nyumba za wakfu. Mtu aliitoa nyumba kwa ajili ya Mungu, kodi yake iende msikitini au kwa mafukara. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hairithiwi. Ukiambiwa imeuzwa, uliza mara mbili.

Ndiyo maana mipango mingi ya kufufua mitaa ya zamani hufanikiwa haraka kwenye majengo ya serikali, kama ngome, boma na forodha, halafu hukwama inapogusa nyumba za watu. Jengo la serikali lina saini moja. Nyumba ya marehemu inahitaji saini kumi na nane, na moja kati yake imo mikononi mwa mtu ambaye hazungumzi na dada yake tangu msiba.

Nyumba ya mawe hufa kuanzia juu

Tuseme saini zimepatikana. Linakuja jambo la pili, na hapa pesa nyingi hupotea kwa nia njema.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Boriti zimechomekwa ukutani, zikabeba sakafu ya juu na wakati huohuo zikashikamanisha kuta mbili zisiachane. Maji ya mvua yakipenya darini, huenda kukaa pale boriti inapoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Ncha inaoza. Sakafu inazama kidogo, ukuta unaanza kupinda kwenda nje, na siku moja, mara nyingi baada ya masika na si wakati wa masika, unaanguka. Watu husema umeanguka ghafla. Ulianza kuanguka miaka minane nyuma, lilipong'oka bati moja.

Kwa hiyo mwenye laki chache asianze na rangi ya mbele. Aanze na paa, hata kama ni bati kuukuu.

Kosa jingine ni saruji. Fundi mmoja mzee aliwahi kunipeleka kwenye nyumba iliyopigwa lipu ya saruji miaka michache kabla. Nje ilikuwa nyororo. Akagonga kwa kiganja, ikalia kama kibuyu kitupu. Akaingiza ncha ya mwiko kwenye ufa, akaikwanyua, na kipande kizima kikadondoka mfano wa sahani. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa na umefunikwa unga mweupe. Akachovya kidole, akaonja. "Bahari hii," akasema, akanikunjulia kidole na mimi nionje. Chumvi tupu.

Maelezo yake ni mepesi. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na karibu na bahari unyevu huja na chumvi. Chokaa ina matundu madogo madogo, hivyo unyevu hupita ukatoka nje na kukauka. Saruji inaziba. Ni tofauti ya kuvaa kanzu ya pamba na kuvaa mfuko wa nailoni katika joto la Februari. Jasho litakuwepo tu, swali ni linatokea wapi. Likikosa pa kutokea hubaki ndani, chumvi inakauka kuwa chembe, chembe zinakua na kulisukuma lipu, na jiwe lenyewe linageuka unga.

Chokaa nayo ina adabu zake. Matumbawe huchomwa tanurini, yakawa chokaa kali inayounguza ngozi, kisha huzimwa kwa maji na kuachwa ilale. Ikishapakwa ukutani haikauki kama tope linavyokauka. Inavuta hewa ileile iliyoipoteza kwenye moto, taratibu, mpaka inarudi kuwa jiwe. Kazi ya wiki kwa saruji inaweza kuwa ya miezi kwa chokaa, na mwenye nyumba anayelipa vibarua kwa siku hilo hataki kulisikia. Boriti nazo si za kujikatia tu, kwa maana mikoko yetu ni misitu ya hifadhi na kuikata kunahitaji kibali. Mafundi wanaoijua kazi hii ni wachache na wengi wao mvi zimeshatawala. Binafsi naona huu ndio uhaba mkubwa kuliko wa pesa, ingawa hausemwi kwenye mikutano.

Ukubwa wa jengo haumuokoi mtu. Beit el-Ajaib ya Zanzibar, jumba la Sultani lililokuwa fahari ya Mji Mkongwe wa Unguja, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katikati ya matengenezo.

Sasa zile habari za barazani

"Serikali itachukua nyumba kwa kuwa ni urithi." Hapa watu wanachanganya kulinda na kumiliki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863 hata bila kutangazwa. Ya baadaye hulindwa Waziri akiyatangaza. Kulindwa maana yake ni kwamba huwezi kubomoa au kubadilisha bila ruhusa. Nyumba inabaki yako, ila mikono imefungwa kidogo. Na kuna jambo ambalo hata wenye nyumba hawalijui: sheria hiyohiyo inaitaja milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Ule mlango wenye misumari ya shaba ambao mjomba anataka kumuuzia mtalii hautakiwi kusafirishwa nje ya nchi bila kibali. Nimeona nyumba zilizobaki na tundu lililozibwa kwa mabati pale ulipokuwa mlango.

"Bagamoyo ni Urithi wa Dunia, kwa hiyo UNESCO watalipa." Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981. Bagamoyo imo katika orodha ya awali tangu mwaka 2006, pamoja na njia nzima ya kati ya biashara ya watumwa na pembe. Ni kama posa. Barua imepelekwa, ndoa bado. Na hata ndoa ikifungwa, UNESCO si mwenye nyumba na haiji na fundi wa bati.

"Wanabomoa kupisha bandari." Bandari inayosemwa tangu makubaliano ya mwaka 2013 ilipangwa Mbegani, kusini mwa mji, wala si ufukwe wa Mtaa wa India. Haina maana kwamba haituhusu. Kila habari ya bandari inapovuma, bei ya viwanja hupanda, na mrithi wa Temeke aliyeisahau nyumba huikumbuka.

Fidia ndiyo yenye machungu. Serikali ikitwaa ardhi kwa manufaa ya umma, kanuni za mwaka 2001 zinataja vinavyolipwa: thamani ya ardhi, maendelezo yaliyo juu yake, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Isome orodha hiyo kama mpangaji wa chumba kimoja asiye na mkataba. Ardhi si yako. Jengo si lako. Kinachobaki ni kidogo, na hata hicho unatakiwa kwanza uthibitishe kwamba ulikuwa unaishi hapo. Lakini zaidi ya hayo, kufufuliwa kwa mtaa mara nyingi hakutwai ardhi ya mtu yeyote. Anayekuondoa si tingatinga. Ni kodi.

Inakwenda hivi. Nyumba ya kwanza inakarabatiwa, inakuwa hoteli ndogo ya vyumba vitano. Wageni wanakuja, inafunguliwa duka la vinyago, kisha mgahawa. Mwenye nyumba ya tatu, ambaye chumba chake kilikuwa cha mvuvi na mkewe, anaona kwamba mgeni mmoja wa usiku nne analeta kodi ya mwezi. Hakuna aliyemfukuza mvuvi. Ameambiwa tu kwamba kuanzia mwakani chumba kitatengenezwa. Anahamia juu, mbali na mashua yake, na sasa alfajiri anapanda bodaboda kwenda baharini. Mama wa vitumbua anabaki bila wateja wa saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu mtalii hanunui kitumbua saa kumi na mbili. Miaka mitano baadaye mtaa ni mzuri mno na usiku hausikii mtoto akilia. Unguja wanayajua haya. Waliunda mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985, wakati nyumba zilikuwa zinadondoka zenyewe, na nyumba nyingi wamezinusuru. Kumbakisha anayeishi ndani yake ndilo lililokuwa gumu zaidi.

Mimi sipingi hoteli. Nyumba isiyoingiza kitu haitapata bati, tusidanganyane. Ninachokitilia shaka ni mpango unaoanza na mchoro wa mgahawa kabla ya kuuliza nani anaishi chumba cha nyuma, na kama ana karatasi. Mkataba wa maandishi wa miaka mitatu, wenye kodi iliyotajwa na muda wa notisi, ungemfaa mvuvi kuliko semina kumi za utalii.

Nilimweleza mama wa vitumbua mengi ya haya, kwa ufupi, nikiwa nimekalia kiti chake cha plastiki. Alisikiliza. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu akanionyesha ujumbe wa malipo ya kodi ya miezi sita aliyotuma mwezi uliopita.

"Huyu ndiye ninayemlipa. Ndiye mwenye nyumba?"

Nilisoma jina. Marehemu mwenye nyumba namjua, mtaa wote unamjua, na jina lile halikuwa lake wala la mtoto wake yeyote. Nikamuuliza nani alimpa hiyo namba.

"Mpangaji aliyenitangulia," akasema, akanifungia vitumbua vinne kwenye gazeti.